Mara ya Mwisho Kufunguliwa

Watu wa chuo kikuu hawajui kutupa. Ukibisha, muulize yule mwanamke wa kitengo cha kompyuta ambaye wanafunzi walimbandika jina la Dada Nywila, kwa kuwa kutwa nzima kazi yake ni kuwafungulia waliosahau maneno yao ya siri. Profesa wa falsafa ana video ya harusi ya bintiye, nakala kadhaa za video ileile, zote kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo. Mwalimu wa hesabu kaweka humo picha za gari aliloliuza zamani. Na waliohitimu ndio usiseme. Wameondoka, wameoa, wamezaa, wameota vitambi, lakini akaunti zao ziko palepale, zimejaa insha za mwaka wa kwanza na picha za bwenini.

Kwa hiyo kila mwaka, kabla wanafunzi wapya hawajaingia, kitengo kilifanya safisha-safisha. Sheria yake ilikuwa nyepesi: akaunti isiyofunguliwa mwaka mzima inafutwa pamoja na kila kilichomo. Kwanza mwenyewe hutumiwa barua ya onyo. Na onyo hilo, jamani, lilitumwa wapi? Kwenye barua pepe ya akaunti ileile ambayo mwenyewe haifungui! Dada Nywila alishalisema hilo kikaoni, mkuu wa kitengo akacheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake, na mwaka uliofuata wakafanya vilevile.

Mwaka huu majina ya akaunti za kufutwa yalipotokea kwenye skrini, wenzake walianza utani wao wa kila mara, nani kajaza takataka kuliko nani. Yeye hakucheka. Alikuwa anatafuta jina moja tu, akiomba asilione. Akaliona. Akatoka nje kama anayekwenda chooni.

Lilikuwa jina la mdogo wake.

Nyumbani walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho, na mama yao hakuishi sana baada ya kumzaa. Baba yao, fundi cherehani, aliwalea wawili hao peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, kile cha mbele kikiwa ndicho duka la kushonea. Kitinda alipopata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi, tena katika chuo anakofanya kazi dada yake, baba alitembea wiki nzima kichwa juu. Kila mteja aliyekuja kupimwa alipimwa na habari hiyo pia.

Kumbe mwaka wa pili Kitinda alifeli, akaondolewa, asimwambie mtu. Kila asubuhi aliamka, akaoga, akabeba mkoba, akaaga, akaenda kukaa sijui wapi mpaka jioni. Na dada yake aliyekuwa palepale chuoni, hakujua? Hakujua. Alimwona akikatiza uwanjani na mkoba mgongoni, wakapungiana mikono, akaridhika. Hilo halijamshuka kooni mpaka leo.

Siri ilifichuliwa na suruali. Mwalimu mmoja wa chuo alikuja kwa baba kupunguziwa kiuno, na katika kuzungumza akasema, "Tulisikitika sana kijana wako alipoondolewa. Siku hizi anafanya nini?" Baba hakumwonyesha kitu. Alipima kiuno, akatia alama ya chaki, akasema asante mwalimu, njoo kesho. Jioni Kitinda aliporudi na mkoba wake na kuanza kueleza jinsi somo la leo lilivyokuwa gumu, baba alimwacha aseme mpaka amalize.

"Mwongo mkubwa wewe," akamwambia. "Toka kwangu. Usikanyage hapa tena."

Kitinda alitoka na mkoba uleule. Simu yake ilizimwa wiki hiyohiyo, na baadaye namba ikapewa mtu mwingine, mama mmoja mkali aliyechoka kupigiwa na watu asiowajua.

Hasira za baba hazikudumu. Siku chache tu na zilikuwa zimeyeyuka zote, amebaki mzee anayezunguka kwa ndugu, polisi, hospitali, stendi za mabasi, akionyesha picha ya mtoto wake. Hakuna aliyemwona. Ndipo siku moja alipomwita binti yake, akamkalisha kwenye kiti cha wateja.

"Wewe si unazijua barua za kompyuta? Mwandikie mdogo wako. Mwambie baba kakusamehe." Akakwangua meza kwa ukucha. "Mwambie na mimi anisamehe. Nilikosea."

Dada Nywila hakuwahi kumsikia baba yake akimwomba mtu msamaha, sembuse mtoto. Aliandika huku analia, akaituma kwenye anwani pekee aliyokuwa nayo, ile ya chuo. Baada ya hapo akawa anaandika mara kwa mara: baba anaumwa mgongo, baba kapona, mti wa nyuma umekatwa, rudi tu, hakuna atakayekuuliza kitu. Hakujibiwa hata mara moja.

Lakini kulikuwa na tarehe.

Wafanyakazi wa kitengo wana ukurasa wao ambao mbele ya kila akaunti unaonyesha jina, ukubwa wa vilivyomo, na maneno haya: mara ya mwisho kufunguliwa. Kumchungulia mtu mmoja mmoja kulikatazwa kabisa. Mwenzao mmoja alishamwaga unga kwa kufuatilia akaunti ya mchumba wake. Dada Nywila alijua hayo yote, na hata hivyo alichungulia, roho mkononi, huku mlango ukiwa umefungwa. Miezi mingi ilikuwa imepita tangu Kitinda aondoke, na tarehe iliyokuwa pale ilikuwa ya juzi.

Siku hiyo hakungoja saa za kutoka. Alifika nyumbani anahema.

"Baba, kafungua!"

Baba alisimama, akakaa, akasimama tena. "Kaisoma?"

"Kafungua, baba. Akifungua si ataiona? Iko juu kabisa. Kaisoma."

"Basi yuko hai," alisema baba. "Yuko hai na anajua." Usiku huo alikula chakula chake chote akaomba kingine, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kijana aondoke.

Mwaka uliofuata tarehe ilisogea tena, na uliofuata vilevile. Mtu mwingine angejiuliza mbona Kitinda hufungua kila inapokaribia safisha-safisha na si wakati mwingine. Dada Nywila alijiuliza pia, na jibu akalipata mwenyewe: anapokea onyo, anajua atafutwa, anakuja kujiokoa. Maana yake bado anataka kitu chetu, bado hajatukata. Ni jibu zuri sana hilo. Mtu mwenye uchungu hakosi jibu zuri. Na baba naye alikuwa na lake: kijana anaona haya, anajipanga, mwacheni ajipange, msamaha si ameshaupata?

Kitu kimoja Dada Nywila hakukifanya kamwe, nacho ni kuingia ndani ya akaunti ile. Uwezo alikuwa nao, dakika moja ingetosha. Lakini ukiingia wewe, tarehe inakuwa yako. Ile alama ndogo ya mdogo wake ingefutika, ikakaa yake mahali pake, na hakuwa na alama nyingine. Kwa hiyo aliitazama kwa mbali tu, wala hakumwambia mtu kazini.

Sasa mwaka huu tarehe haikusogea. Imegoma palepale ilipokuwa mwaka jana, na jina limeingia kwenye ya kufutwa. Baba alikuwa ameanza kuuliza kila jioni, "Kafungua?" naye kila jioni akamjibu, "Bado mapema, baba," huku mwenyewe amelala macho wazi akiwaza hospitali za mbali na barabara mbaya. Akiiacha, itafutwa pamoja na barua zote. Akiingia mwenyewe kuiamsha, anaifuta ile tarehe kwa mkono wake.

Ndipo akamkumbuka Mzee Nakala. Huyu ndiye aliyekuwa akitunza nakala za akiba za mitambo yote ya chuo mpaka alipostaafu mwaka jana, na ndiye aliyemfundisha kazi Dada Nywila tangu akiwa hajui waya upi unaingia wapi. Kama kulikuwa na njia ya kuokoa akaunti bila kuigusa tarehe, mzee huyo angeijua. Alimkuta nyumbani kwake mchana, amekaa barazani na kandambili, anafungua feni mbovu ya jirani.

"Karibu, mwanangu! Wamekufukuza na wewe?"

"Bado, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo, usikalie hiyo parafujo." Alimtazama vizuri, akaweka chini bisibisi. "Una nini?"

Akamweleza. Kwamba akaunti ya mdogo wake imo kwenye za kufutwa. Anataka kuihamisha kama ilivyo, na tarehe yake ya kufunguliwa, isipotee.

"Imo kwenye za kufutwa?" Mzee Nakala alijipiga paja. "Ah! Kosa langu hilo. Nilipostaafu nilisahau kukuachia maagizo. Nilidhani utaendelea nayo mwenyewe."

"Niendelee na nini?"

"Na kuiamsha. Si ndivyo nilivyokuwa nafanya kila mwaka? Ukumbuke ule mwaka wa kwanza, nilikukuta umejifungia chumba cha mitambo unalia, mbele yako barua unayomwandikia kijana. Nikasema, huyu mtoto hataki vitu vya mdogo wake vifutwe na anaogopa kuvunja sheria. Nikaivunja mimi. Kila safisha-safisha ikikaribia naingia, natoka, inahesabiwa imefunguliwa. Basi, inapona mwaka mwingine." Alitabasamu, akingoja shukrani.

Dada Nywila alikuwa anamsikia vizuri sana, kila neno. Ila alitamani asimwelewe.

"Ulikuwa wewe," alisema.

"Mimi, ndiyo. Kwani hukujua? Nilijua unajua, ila tunanyamaziana kwa sababu ni kosa."

"Mimi nilikuwa naangalia tarehe, mzee. Kila mwaka. Nilikuwa nakimbia nyumbani kumwambia baba kwamba mtoto wake kafungua."

Tabasamu la mzee lilififia polepole. Alivua kofia yake na kuishika mapajani kama mtu aliyeingia msibani.

"Mbona hukuniambia unaangalia?"

"Ni kosa. Mbona hukuniambia unaamsha?"

"Ni kosa," alisema Mzee Nakala, na sauti ilikuwa ndogo mno.

Hapo walikaa watu wawili waliopendana kama baba na binti, kila mmoja amevunja sheria kidogo na kwa nia njema, kila mmoja amemficha mwenzake. Laiti mmoja wao angekuwa mmbea. Maneno mawili tu wakati wa chai yangetosha, na uongo ule usingeingia nyumba ya mtu.

"Kabla hujaiamsha mara ya kwanza," Dada Nywila aliuliza, "tarehe iliyokuwepo ilikuwa ya lini?"

Mzee alitazama feni. "Ya zamani, mwanangu. Ya wiki ile aliyoondoka kwenu."

"Na barua zake? Ulizifungua?"

"Sikugusa kitu! Barua za mtu si zangu. Naingia, natoka."

"Uliingiaje?"

"Ningeingiaje? Kwa kubadilisha nyw..." Akakomea hapo. Yeye ndiye aliyelitamka, na yeye ndiye aliyelielewa wa mwisho. Kila alipoiokoa akaunti ile alikuwa anaibadilishia neno lake la siri. Kama Kitinda alijaribu kuingia siku yoyote katika miaka hiyo, popote alipokuwa, aliambiwa kwamba alichoandika si sahihi. Angejaribu tena, angeambiwa tena. Na mtu aliyefukuzwa kwao, akikataliwa na huku, angefikiri nini? Kwamba hata humu wamemtoa. Angeweza kuomba nywila mpya, ndiyo, kwa kumwandikia dada yake.

"Mwanangu, nisamehe," alisema Mzee Nakala. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kujifuta. "Wallahi nilitaka kukusaidia."

Dada Nywila alimwambia najua, mzee. Alimwambia mara mbili, kwa sababu ni kweli alijua, na kwa sababu moyoni alikuwa na hasira ambazo hazikuwa na pa kwenda. Mke wa mzee alitoka na chai, akawakuta wote wawili wanalia, akairudisha ndani bila kuuliza.

Asubuhi ya kesho yake Dada Nywila aliwahi ofisini kabla ya wenzake. Sasa hakukuwa na alama ya kulinda tena. Alibadilisha nywila ya akaunti ile, akaweka ya kwake, akaingia. Ndani kulikuwa na vitu vya kawaida tu: maelezo ya masomo, michoro ya viwanja, picha ya baba amesinzia juu ya cherehani na kipande cha uzi kimenasa kwenye ndevu. Aliitazama picha hiyo muda mrefu. Kisha akafungua barua.

Barua isiyosomwa huandikwa kwa herufi nene. Zilikuwa nene zote. Onyo la chuo la mwaka huu, nene. Chini yake barua ya Dada Nywila mwenyewe, *Rudi tu*, nene. Maonyo ya miaka ya nyuma, nene. Baba kapona, nene. Baba anaumwa, nene. Alishuka nazo mpaka chini kabisa, akaikuta ile ya kwanza aliyoiandika kwenye kiti cha wateja. Mstari wake wa kichwa ulikuwa *Baba amekusamehe*, nao ulikuwa mnene kama siku aliyoutuma.

Aliangalia kwenye kumbukumbu za mtambo kama kuna mtu aliyekosea nywila ya akaunti hiyo. Kumbukumbu hizo hufutwa kila baada ya miezi michache ili zisijaze nafasi. Za miezi hiyo michache hazikuwa na kitu. Za nyuma yake hazikuwepo, na hakuna mtu duniani atakayejua zilikuwa na nini.

Mkuu wa kitengo aliingia, akabonyeza kitufe, safisha-safisha ikapita. Akaunti ya Kitinda ilipona. Dada Nywila aliomba ruhusa kwamba kichwa kinamuuma, akaenda nyumbani.

Baba alikuwa anapinda pindo la gauni. Alimwona binti yake mchana huo, saa si zake, na uso wake ukachangamka wote. "Kafungua!"

Njia nzima alikuwa amejiambia atadanganya. Ingekuwa rahisi, na tarehe ya leo ilikuwa pale kweli. Lakini aliuona uso ule, akaona mwaka ujao na mwaka mwingine, yeye akisogeza tarehe na kukimbia nyumbani kuutazama, na moyo ukakataa.

"Hakuwa yeye, baba," alisema. "Miaka yote. Hakuwa yeye." Akamweleza habari za Mzee Nakala na kuamsha. Habari ya neno la siri kubadilishwa, hiyo tu hakuigusa.

Baba alisikiliza huku ameshika pindo. Hakukasirika. Aliuliza mambo polepole, kama anayetaka kuhakikisha kipimo kabla hajakata.

"Kwa hiyo ile barua yangu."

"Haijasomwa. Nimeiona leo. Hakuna iliyosomwa."

"Basi hajui," alisema baba. Akavua miwani. "Mwanangu anajua kwamba nilimfukuza. La pili hajui. Mimi nimekaa hapa miaka hii yote nimetulia, nasema anajipanga, kumbe neno la mwisho alilolisikia kwangu ni lilelile."

Dada Nywila alipiga magoti sakafuni, akaweka kichwa mapajani kwa baba yake, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia. Baba alimpapasa kichwa.

"Lakini bado ipo, siyo? Hamkuifuta?"

"Haikufutwa."

"Basi iache hapohapo, usiiguse." Sauti yake ilijitahidi kunyooka. "Mtu hachelewi kukumbuka kwao. Siku moja atasema ngoja nitazame, ataingia, ataikuta. Ataingia kama alivyokuwa akiingia zamani, siyo? Bado analo lile neno lake?"

Dada Nywila aliinua uso. Amewafungulia watoto wa watu wengi, hata majina yao hayakumbuki.

"Analo, baba," alisema. "Ataingia."

Baba akaitika kwa kichwa, akavaa miwani, akalivuta lile gauni. Kisha akampa sindano amtungie uzi, kwa maana yeye tundu halioni, macho yamejaa machozi. Dada Nywila akajaribu, akakosa, akajaribu tena.